Kutoka meseji ya kundini hadi mkutano wa kijiji: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa chuo Bagamoyo

Meseji inaingia kwenye kundi la darasa saa tano usiku. Herufi kubwa, alama za mshangao tano, na video isiyofika dakika moja: "BANDARI YA BAGAMOYO IMEUZWA MIAKA 99!!!!! Msikilize rais mwenyewe. Wakazi wa Pande na Mlingotini wanaondolewa wiki hii bila fidia. Sambaza kabla haijafutwa." Hii nimeitunga mimi kwa ajili ya mwongozo, lakini yeyote anayesoma chuo hapa Bagamoyo ameshapokea dada yake au kaka yake.

Nitatembea nayo kutoka kwenye simu hadi ofisi ya serikali, kwa sababu miongozo mingi ya aina hii huishia kwenye "usisambaze". Hapo raia anaachwa nusu ya njia. Mwanafunzi akijua kwamba meseji ni ya uongo, akaifuta na kulala, mzee wa kijiji cha Mlingotini mwenye minazi yake ishirini bado hajui kesho yake itakuwaje. Unahakiki ili upate swali sahihi, kisha ulipeleke kwa mtu ambaye kazi yake ni kulijibu.

Hatua ya 1: Ichambue meseji kama unavyochambua mchele

Chukua kalamu na karatasi. Meseji moja hubeba madai kadhaa, na ujanja wake uko hapo: dai moja lenye ukweli huyabeba mengine mgongoni. Yetu ina matatu. Bandari imeuzwa kwa miaka 99. Rais kasema. Watu wanaondolewa wiki hii bila fidia. Kila dai lipe mstari wake, maana majibu yake hayatoki sehemu moja.

Mbele ya kila mstari andika daraja la ushahidi: ameona, amesikia kwa aliyeona, au amesikia kwa aliyesikia. Muulize aliyerusha, kwa upole na ikiwezekana pembeni: "Ndugu yangu, hii umeipata wapi? Kuna mtu wa kule umeongea naye?" Mara nyingi atakwambia ameikuta kundi jingine. Hilo ni daraja la tatu. Angalia pia kama juu ya meseji ya WhatsApp kuna mishale miwili; maana yake imeshasambazwa mara tano au zaidi, mkono kwa mkono, kabla ya kukufikia wewe.

Wapo watakaokujibu kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naiheshimu methali hii. Wazee waliitumia kumwonya mtu asipuuze minong'ono. Lakini ilitungwa wakati msemaji ni jirani unayemjua kwa jina na kwa ukoo, ukitaka kumwuliza unavuka ua tu. Msemaji wa kundini hana uso. Methali ikutume kuchunguza, kuamini kusubiri.

Hatua ya 2: Ijue video ina umri gani

Simamisha video pale sura au jengo linapoonekana vizuri, piga skrinshoti, kata maandishi yaliyoongezwa juu na chini, kisha ifungue skrinshoti hiyo kwenye Google Lens. Kama ni picha iliyo kwenye ukurasa wa mtandao, kwenye Chrome ya simu unaibonyeza kwa muda na kuchagua kuitafuta. Fanya hivyo kwa skrinshoti tatu za sehemu tofauti za video, kwa sababu moja inaweza isilete kitu. TinEye nayo inafaa, maana inaweza kukupangia matokeo kuanzia ya zamani. Unatafuta mara ya kwanza picha hiyo ilipoonekana mtandaoni. Kazi hii haili bando kubwa. Skrinshoti ni nyepesi kuliko kupakua video yenyewe.

Tuseme anayeongea kwenye video yetu ni Rais John Magufuli. Alifariki tarehe 17 Machi 2021. Basi hiyo si habari ya wiki hii, hata kabla hujafungua Google.

Hapa nikae kidogo, maana historia ya bandari hii ndiyo inayofanya uzushi wake uaminike haraka. Makubaliano ya awali na kampuni ya China Merchants yalisainiwa Machi 2013, Rais Xi Jinping alipozuru Tanzania. Oktoba 2015, Rais Jakaya Kikwete, mwenyeji wa wilaya hii hii, aliweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba masharti ya wawekezaji hayakubaliki. Miongoni mwa aliyoyataja ni kutaka dhamana ya miaka 33 na kukodishiwa eneo kwa miaka 99. Mwaka huohuo Spika wa Bunge, Job Ndugai, aliutetea mradi. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akasema mazungumzo yafufuliwe.

Sasa itazame tena meseji. Namba 99 ipo kweli. Rais aliitamka kweli. Bali aliitamka akiikataa, na aliyebandika kichwa kipya amemgeuza kiongozi anayekataa masharti kuwa kiongozi anayetangaza mauzo. Uzushi hatari kwa kiasi kikubwa hujengwa hivi, kwa matofali ya kweli. Ndiyo maana sishauri kuandika kundini "hiyo feki" na kunyamaza. Mwenzako anaijua sauti ya Magufuli. Ukimwambia video ni feki atakuona wewe ndiye mwongo. Mwambie: video ni ya kweli, ni ya 2019, na alikuwa anapinga.

Kama kwenye video hakuna mtu anayejulikana, tumia macho na masikio. Namba za magari ya kiraia ya hapa huanza na T, za Kenya na K, za Uganda na U. Mabango yameandikwa lugha gani? Msikilize anayepiga video: anayeita basi dogo "matatu" huenda yuko Kenya, na anayechanganya Kiswahili na Kifaransa mtafute ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Sisi tuna bahati ya kuzaliwa ndani ya lugha yenye lahaja na lafudhi nyingi. Sikio la mtoto wa pwani linajua mtu si wa kwao kabla mtu huyo hajamaliza sentensi. Litumie.

Hatua ya 3: Barua zenye nembo, na linki

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilirusha kundini linki iliyodai kuonyesha majina ya waliopata mkopo. Nilitaka kuwasaidia wenzangu, wengi walikuwa wanalala bila kujua kama watabaki chuo au watarudi nyumbani. Watatu walijaza namba ya mtihani, namba ya simu na namba ya NIDA. Linki haikuwa na uhusiano wowote na mkopo. Mpaka leo sijui taarifa zao zilikwenda wapi, na kuomba radhi hakukuzirudisha.

Somo nililolipata siku ile linaingia kwenye mstari mmoja: anwani ya mtandao isome kutoka kulia, ukianzia mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata baada ya https://. Anwani za taasisi za serikali huishia na .go.tz, na za vyuo .ac.tz. Hivyo heslb.go.tz ni ya Bodi ya Mikopo. Lakini heslb-go-tz.com inaishia na .com, na yeyote mwenye fedha kidogo anaweza kuisajili. Taarifa ya mkopo wako iko kwenye SIPA, akaunti yako binafsi kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Hakuna kundi linalohitaji namba yako ya NIDA ili kukuonyesha.

Barua yenye nembo ya taifa isome kama mhariri. Angalia kumbukumbu namba, tarehe, cheo cha aliyesaini. Fungua kalenda: je, Jumatatu iliyotajwa ni Jumatatu kweli? Jina la wizara ni la sasa, au lilibadilishwa zamani? Mfano mzuri ni Tume ya Uchaguzi, ambayo tangu sheria ya 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. "Taarifa" mpya yenye jina la zamani inatia shaka. Kisha ingia kwenye tovuti au ukurasa rasmi wa taasisi hiyo uone kama barua ipo.

Na zile meseji za "ile hela tuma kwa namba hii" zitume kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli. Piga pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Sauti bila mwenyewe

Akili mnemba sasa inaweza kuiga sauti ya kiongozi kwa Kiswahili kinachopita. Watu hufundishwa kuhesabu vidole kwenye picha. Mbinu hiyo inazeeka haraka, usiitegemee. Mimi nafuata kanuni moja: kipande cha sauti kisicho na mahali, tarehe wala hotuba ndefu kilikokatwa nakihesabu kuwa mnong'ono, hata kikiwa na sauti ninayoijua. Kama kiongozi kasema jambo zito kweli, kuna redio iliyorusha au mwandishi aliyekuwepo.

Hatua ya 5: Nenda kwenye maandishi

Kabla hujaanza kuchimba mwenyewe, tazama kama wengine wameshachimba. JamiiCheck na Nukta Fakti hupima uzushi unaozunguka Tanzania, na PesaCheck nao huandika pia kwa Kiswahili. Wasipokuwa nayo, usikate tamaa. Mambo ya wilaya moja mara nyingi hayawafikii.

Mbunge au waziri akidaiwa kusema jambo bungeni, tovuti ya Bunge, parliament.go.tz, ina Taarifa Rasmi za mijadala, neno kwa neno. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ofisi yake imewekwa na ibara ya 143 ya Katiba, huwasilishwa bungeni kila mwaka na kuwekwa kwenye tovuti ya ofisi yake, nao.go.tz. Ipo ripoti ya serikali za mitaa. Ifungue, tafuta neno "Bagamoyo", usome kila mahali halmashauri yako ilipotajwa. Ni saa mbili za kazi, na nadhani zina faida kuliko mwezi mzima wa kufuatilia wanaotukanana mtandaoni. Nako huko mtandaoni jiulize kila mara anayesifia au anayeponda analipwa na nani. Chawa wapo kila upande.

Ardhi ina maandishi yake. Serikali ikitwaa ardhi kwa ajili ya mradi wa umma, tangazo linapaswa kutoka kwenye Gazeti la Serikali. Sheria za ardhi za 1999, Na. 4 na Na. 5, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kwa hiyo dai letu la tatu, la watu kuondolewa wiki hii bila fidia, limetugeukia kuwa maswali yanayojibika: tangazo lilitoka lini? Uthamini ulifanyika lini? Nani amelipwa, nani bado?

Hatua ya 6: Toka chumbani

Majibu ya maswali hayo hayako kwenye simu. Yako kusini mwa mji, upande wa kwenda Dar es Salaam, kwenye ofisi ya kijiji.

Nenda asubuhi, ukiwa na mwenzako mmoja, mmevaa kwa heshima na mna vitambulisho vya chuo. Msianze na kamera. Anza na salamu, ukae ukikaribishwa, useme wewe ni nani na unasoma wapi. "Shikamoo mzee. Sisi ni wanafunzi hapa Bagamoyo. Kuna habari inazunguka kwenye simu kuhusu kijiji hiki, tumeona tuje kuuliza wenyewe kuliko kuisambaza." Nimeona sentensi hiyo ikifungua milango. Mtendaji wa kijiji amechoka kusikia habari za kijiji chake kutoka kwa watu wasiowahi kukanyaga hapo.

Soma ubao wa matangazo. Hapo ndipo taarifa za mapato na matumizi zinapaswa kubandikwa. Kama hazipo, hilo nalo liandike. Uliza mkutano mkuu wa kijiji ni lini: sheria inataka ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Ukiwa si mkazi, mwombe mwenyekiti ruhusa ya kukaa na kusikiliza. Mkutano wa baraza la madiwani wa halmashauri nao uko wazi kwa wananchi. Hawa wanaojaza kumbi zetu za chuo kwa midahalo ya demokrasia, ni wangapi wamewahi kukaa nyuma ya ukumbi wa madiwani wakasikiliza bajeti ya zahanati ikijadiliwa? Nauliza kwa uchungu, kwa sababu mimi nilimaliza miaka mitatu ya chuo bila kufanya hivyo hata mara moja.

Ongea pia na wakazi, akina mama na vijana, msiishie kwa viongozi. Warudie madaraja yetu: umeona, umesikia kwa aliyeona, au umesikia kwa aliyesikia? Usimrekodi mtu bila ridhaa yake, na usiweke jina wala picha yake mtandaoni. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, lakini hata bila sheria, yule bibi aliyekueleza habari za fidia yake ataendelea kuishi pale baada ya wewe kuhitimu.

Uzoefu huu unasaidia pia siku intaneti inapokatika. Ilikatika siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, na siku kadhaa zilizofuata. Wakati kama ule kinachobaki ni redio, daftari na watu unaowaamini. Andika tarehe, saa, mahali na daraja la kila unachosikia. Mtandao ukirudi picha humiminika kwa pamoja, mpya na za zamani, za kwetu na za nchi nyingine. Mwenye daftari ana mahali pa kuanzia kuzipanga.

Hatua ya 7: Andika barua

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni na haki ya kupata taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa raia njia ya kuidai: unaomba kwa maandishi, na taasisi ina siku zisizozidi 30 kukujibu. Barua iwe fupi, na iombe vitu vinavyoweza kushikwa mkononi:

"Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo.

YAH: MAOMBI YA TAARIFA KUHUSU FIDIA YA ARDHI, KIJIJI CHA MLINGOTINI

Mimi ni raia wa Tanzania na mwanafunzi ninayeishi Bagamoyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kupatiwa: (1) tarehe na namba ya tangazo lolote la kutwaa ardhi katika kijiji hiki, (2) tarehe ya uthamini uliofanyika, (3) idadi ya waliostahili fidia, waliolipwa na ambao bado. Sihitaji majina ya watu. Nipo tayari kulipia gharama za kurudufu."

Usiandike "naomba ufafanuzi kuhusu mradi wa bandari". Swali pana hujibiwa kwa maneno mapana. Peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 30 unazihesabu kutoka hapo. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha omba mapitio kwa mkuu wa taasisi.

Hatua ya 8: Rudi kundini

Wengi hukosea hapa kwa kutafuta ushindi. Aliyerusha meseji ukimwaibisha mbele ya watu mia mbili, atajitetea, na uzushi utapata mtetezi. Mfuate pembeni kwanza, mpe nafasi airekebishe mwenyewe. Akiwa mkubwa wako kwenye kundi la familia, ndiyo zaidi: "Shikamoo ba'mdogo. Ile video ya bandari nimeifuatilia, ni ya mwaka 2019, na rais alikuwa anakataa masharti yale. Ukipenda nikutumie nilichopata, ili ukiwaandikia wengine iwe wewe mwenyewe." Sijawahi kuona mzee akikasirishwa na maneno ya namna hiyo. Wewe ukiwa admini, unaweza kuifuta meseji kwa kundi zima, lakini iache kwanza masahihisho yafike. Ikifutwa kimya, waliokwisha kuiona watadhani kuna kinachofichwa.

Kuandika juu yake "nimeipokea kama ilivyo" hakukulindi. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamgusa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia kama ya kudhalilisha, kutisha au kudanganya umma, na adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Kwa hiyo hifadhi kazi yako: skrinshoti, tarehe, anwani za kurasa ulizosoma, nakala ya barua yenye muhuri. Hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba ulitafuta ukweli kabla ya kuandika.

Masahihisho ya kundini yawe mafupi kuliko uzushi wenyewe, yaanze na ukweli, na yaseme wazi kipi bado hakijajibiwa. Ya kwetu yangesomeka hivi:

"Video ya Magufuli kuhusu bandari ya Bagamoyo ni ya 2019. Alikuwa anakataa masharti ya wawekezaji, likiwemo la miaka 99. Kuhusu wakazi kuondolewa wiki hii: tumekwenda Mlingotini leo, ofisi ya kijiji haina taarifa hiyo. Kuhusu fidia: tumeandika barua halmashauri, imepokelewa leo. Majibu yakija tutayaweka hapa, na yasipokuja ndani ya siku 30 tutasema pia."

Kisha weka alama kwenye kalenda ya simu yako, siku ya 30, saa mbili asubuhi.